Matunzo ya Muda Mrefu Nyumbani: Msaada wa Umma Unaopatikana na Jinsi ya Kuufikia

Mama wa miaka 72 amepata kiharusi. Amelazwa hospitalini wiki mbili, hali yake imetulia, na daktari ameandika aruhusiwe kwenda nyumbani. Upande wake wa kulia hauna nguvu. Hawezi kwenda msalani peke yake, kijiko kinamponyoka, na maneno yanamtoka kwa shida. Binti yake aliyekuwa akiuza mboga sokoni amefunga kibanda ili amtunze. Gari linapowashusha nyumbani, swali linalobaki si la dawa tena. Ni nani atamgeuza usiku, nani atampeleka kwenye mazoezi ya viungo, na nyumba itakula nini kibanda kikiendelea kufungwa?

Huu ni mfano tu, lakini hakuna kijiji wala mtaa katika kaunti zetu usiokuwa na nyumba ya namna hii. Pengine mgonjwa ni mzee anayesahau njia ya kurudi kwake. Pengine ni kijana aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda, mtu mwenye saratani iliyofika mbali, au mtu mzima aliyezaliwa na ulemavu ambaye wazazi wake sasa wamezeeka. Wote wanahitaji matunzo ya miezi na miaka, na karibu wote hutunzwa nyumbani na jamaa asiyelipwa.

Makala haya yanaeleza msaada unaogharamiwa na fedha za umma kwa familia hizo: unatolewa na nani, unapatikana wapi, masharti yake ni yapi na mipaka yake iko wapi.

Sheria inasemaje?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Kati yao, takriban milioni 2.7 walikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi, na zaidi ya watu 900,000 walikuwa na ulemavu wa aina moja au nyingine. Si wote wanaohitaji kutunzwa, lakini idadi ya wanaohitaji huongezeka kadiri watu wanavyoishi miaka mingi zaidi na kadiri magonjwa kama shinikizo la damu na kisukari yanavyoenea.

Katiba ya mwaka 2010 haikuwasahau. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinaitaka serikali kuwapa hifadhi ya kijamii wale wasioweza kujikimu. Kifungu cha 54 kinalinda heshima ya watu wenye ulemavu, pamoja na haki yao ya kupata vifaa vya kuwasaidia kushinda vizuizi vya ulemavu huo. Kifungu cha 57 kinahusu wazee, ambao Katiba inawatambua kuwa watu waliozidi miaka 60. Kinasema wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na usaidizi unaofaa kutoka kwa familia zao na kutoka kwa serikali.

Maneno hayo mawili, familia na serikali, yamewekwa pamoja kwa makusudi. Familia haiachiwi mzigo wote, na serikali haichukui nafasi ya familia. Shida ya wakazi wengi ni kutojua sehemu ya serikali inapatikana katika ofisi gani.

Kaunti inafanya nini, na serikali ya kitaifa inafanya nini?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, serikali za kaunti zinasimamia hospitali za kaunti, vituo vya afya, zahanati, maduka ya dawa ya umma, huduma za ambulansi na afya ya msingi. Kwa hiyo mgonjwa anayetunzwa nyumbani anapohitaji kupimwa, kufungwa kidonda, kupewa dawa au kufanyishwa mazoezi ya viungo, mlango wa kubisha ni wa kaunti.

Serikali ya kitaifa inabaki na sera ya afya, hospitali za rufaa za kitaifa, bima ya afya ya jamii na mpango wa Inua Jamii. Pia ndiyo yenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Familia ikihitaji pesa za kila mwezi kutoka Inua Jamii, itamwona chifu au afisa wa maendeleo ya jamii wa serikali ya kitaifa. Ikihitaji muuguzi, itakwenda zahanati. Wakazi wengi hupoteza siku wakipeleka ombi la Inua Jamii katika ofisi ya wadi, au malalamiko ya dawa kwa chifu, kisha wakaambiwa warudi walikotoka.

Mhamasishaji wa afya ya jamii: mtu wa kwanza kumtafuta

Matunzo ya nyumbani si jambo geni nchini. Ukimwi ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, wadi za hospitali zilikuwa zimefurika, na wagonjwa wengi walirudishwa makwao. Wanakijiji waliojitolea walifunzwa kuwaosha, kuwalisha na kufuatilia dawa zao. Mkakati wa afya ya jamii uliotolewa mwaka 2006 ulijengwa juu ya kazi ya namna hiyo, na huduma iliyopo leo imetokana na mkakati huo.

Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa vifaa vya kazi wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 kote nchini. Mpango huo uliweka posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila mhamasishaji, nusu kutoka kwa serikali ya kitaifa na nusu kutoka kwa kaunti. Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 ikawaweka wahamasishaji hao ndani ya mfumo rasmi wa afya.

Kila mhamasishaji amekabidhiwa takriban nyumba 100. Katika mkoba wake ana mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani na vifaa vya huduma ya kwanza. Pia ana simu ambayo huingiza humo taarifa za kila nyumba anayoitembelea.

Kwa familia yenye mgonjwa wa muda mrefu, mhamasishaji anaweza kufanya haya:

- kumpima mgonjwa presha na sukari nyumbani bila malipo;
- kukagua kama dawa zinatumiwa inavyotakiwa;
- kutambua dalili za hatari, kama vile kidonda kinachoanza mgongoni au mguu uliovimba;
- kuandika barua ya rufaa na kuwasiliana na zahanati;
- kumfundisha mtunzaji usafi, lishe na namna ya kumgeuza mgonjwa;
- kuiunganisha familia na ofisi zinazohusika na ulemavu na msaada wa pesa.

Kuna mambo ambayo haruhusiwi kufanya. Hadungi sindano, habadilishi mpira wa mkojo, na haandiki dawa mpya. Wala si mfanyakazi wa nyumbani. Hatakuja kila asubuhi kumwogesha mgonjwa, kwa kuwa ana nyumba nyingine 99. Familia ikilijua hilo mapema, haitamtegemea kwa jambo lisilo lake na haitagombana naye bure.

Familia isiyomjua mhamasishaji wake inaweza kumuulizia katika zahanati iliyo karibu. Kila zahanati inafanya kazi na kitengo cha afya ya jamii kinachohudumia takriban watu 5,000, na majina ya wahamasishaji wa kila kijiji yanajulikana hapo.

Kutoka zahanati hadi hospitali

Sheria ya Afya ya Msingi inataka zahanati na vituo vya afya vifanye kazi kama mtandao mmoja chini ya hospitali ya kaunti ndogo. Ndani ya mtandao huo kunapaswa kuwa na timu ya wataalamu mbalimbali: daktari au afisa wa kliniki, muuguzi, mtaalamu wa lishe, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na wengineo. Nia yake ni mgonjwa apate huduma karibu na kwake, na apelekwe hospitali kubwa kwa sababu maalumu tu.

Kwa yule mama wa kiharusi, maana yake ni hii. Presha yake inaweza kufuatiliwa katika zahanati. Si lazima akodishiwe gari kwenda hospitali ya rufaa kila mwezi kwa jambo hilo. Familia inapaswa kumuuliza muuguzi siku ya kuruhusiwa: ni huduma gani zinaweza kupatikana katika kituo kilicho karibu, na zipi lazima zifuatwe hospitalini? Barua ya kuruhusiwa yenye maelezo kamili ya ugonjwa na dawa ni ya kutunzwa, maana bila hiyo zahanati italazimika kuanza upya.

Magonjwa ya akili yamo pia. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyofanywa mwaka 2022 yalizipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo katika vituo vyao na ndani ya jamii. Mtu mwenye ugonjwa wa akili hapaswi kufungwa kamba chumbani kwa sababu tu hospitali kuu iko mbali. Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu.

Nani analipa?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayojulikana kama SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda hazina tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi. Inagharamia huduma katika jamii, zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 1 hadi ya 3. Fedha zake hutoka serikalini, na mkazi aliyejisajili hatakiwi kulipa mchango ili apate huduma hizo.

Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii. Hii hulipia huduma za hospitali za ngazi ya 4 na kuendelea, ikiwemo kulazwa. Inadai mchango. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake kwa maswali maalumu, kisha huambiwa kiwango chake. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na shilingi 3,600 kwa mwaka.

Ya tatu ni Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Magonjwa Mahututi. Hiyo hutumika kwa huduma za dharura, na pia kwa mgonjwa wa ugonjwa sugu ambaye kiwango chake katika hazina ya pili kimekwisha.

Kujisajili ni bure. Mkazi hubonyeza *147# kwenye simu na kutumia nambari ya kitambulisho, au huenda kituo cha afya akasaidiwa. Mgonjwa asiyeweza kushika simu anaweza kusajiliwa kwa usaidizi wa mhamasishaji au mhudumu wa kituo. Tofauti moja husumbua wengi: kusajiliwa si sawa na kulipa. Mtu aliyesajiliwa lakini hajalipa mchango atahudumiwa zahanati bila malipo, ila akilazwa hospitalini bima haitamlipia. Ni vyema familia ikamilishe mambo haya kabla ugonjwa haujarudi.

Kwa wasiojiweza kabisa, sheria inatambua kwamba serikali ndiyo inayopaswa kuwalipia mchango. Vilevile hospitali za umma zina maafisa wa ustawi wa jamii wanaochunguza hali ya mgonjwa na kupendekeza apunguziwe au asamehewe ada. Ombi hilo hufanywa kabla ya kuondoka hospitalini, na lina nguvu zaidi likiambatanishwa na barua ya chifu.

Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi

Mpango wa Inua Jamii una sehemu zinazohusu watu wazima wanaohitaji matunzo.

Sehemu ya wazee ni ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Tangu mwaka 2018 haimtaki mzee awe maskini wa kupindukia ndipo afikiriwe, ila anayepokea pensheni ya serikali hajumuishwi.

Sehemu ya ulemavu mkubwa ilianza mwaka 2011. Hiyo ni ya nyumba maskini yenye mtu ambaye ulemavu wake unamfanya ahitaji mtunzaji saa zote, yaani hawezi kula, kuoga wala kwenda msalani bila msaada. Kwa sababu mwenyewe mara nyingi hawezi kufika kuchukua pesa, mtunzaji wake husajiliwa pamoja naye ili azipokee kwa niaba yake.

Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na malipo ya miezi kadhaa huweza kutolewa kwa pamoja. Mtu mmoja hapokei kutoka sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Kuna makosa mawili ambayo hurudiwa mara kwa mara. La kwanza ni kudhani kwamba mzee akifikisha miaka 70 pesa zitaanza kuja zenyewe. Haziji. Ni lazima asajiliwe, na usajili hufunguliwa kulingana na bajeti ya serikali. Kwa hiyo familia inapaswa kutoa taarifa kwa chifu au naibu wake mapema, ihakikishe jina la mzee limeandikwa, na ihudhurie mabaraza ambako matangazo ya usajili hutolewa. La pili ni kitambulisho. Kitambulisho kilichopotea, au chenye mwaka wa kuzaliwa usio sahihi, humfungia mzee nje kwa miaka. Kukirekebisha ni kazi ya kwanza.

Mtunzaji akifariki, akihama au akibadilika, ofisi ya maendeleo ya jamii ijulishwe mara moja. Pesa ni za mgonjwa. Mtunzaji anayezipokea na kuzitumia mahali pengine anavunja sheria, na jirani anayeliona hilo ana haki ya kutoa taarifa.

Kusajiliwa kama mtu mwenye ulemavu

Si watu wengi hufikiria kwamba mzee aliyepooza kwa kiharusi anaweza kusajiliwa kuwa mtu mwenye ulemavu. Anaweza. Ulemavu si wa kuzaliwa nao pekee. Hali yoyote ya muda mrefu inayomzuia mtu kufanya shughuli za kila siku huweza kufanyiwa tathmini.

Tathmini hufanywa na kamati ya madaktari katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa. Ripoti yake hupelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina maafisa katika kaunti, na ombi la kusajiliwa huweza kufanywa kwa mtandao. Baada ya hapo mtu hupewa kadi.

Kadi hiyo hufungua milango kadhaa. Aliyesajiliwa anaweza kuomba vifaa saidizi kupitia hazina ya Baraza: kiti cha magurudumu, mikongojo, kifaa cha kusikia. Mwenye kipato anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, baada ya kuidhinishwa na Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2025 nchi ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003.

Jambo moja la kuzingatia kuhusu viti vya magurudumu: kiti kisicho cha kipimo cha mgonjwa humletea vidonda na kumpinda mgongo. Kabla ya kupokea kiti kutoka popote, familia imwombe mtaalamu wa hospitali apime upana wa nyonga, urefu wa mapaja na namna mgonjwa anavyokaa.

Maumivu yana tiba

Kuna wagonjwa ambao hawatapona. Hao pia wana haki ya huduma. Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na dalili nyingine, na kumsaidia mgonjwa na familia yake kiakili na kiroho. Ilianza kujengeka nchini mwaka 1990 Hospisi ya Nairobi ilipoanzishwa, na leo hospitali nyingi za kaunti zina kitengo cha huduma hiyo. Sera ya kitaifa ya tiba shufaa ya mwaka 2021 hadi 2030 inalenga kuifikisha katika ngazi zote.

Familia nyingi hukaa na mgonjwa anayelia usiku kucha kwa kuamini kwamba saratani ni lazima iume hivyo. Si lazima. Dawa ya mofini ya kunywa, ikitolewa na mtaalamu na kutumiwa kwa kipimo, hutuliza maumivu makali na mgonjwa hubaki nyumbani. Wa kuulizwa ni daktari au muuguzi wa hospitali ya kaunti: kitengo cha tiba shufaa kiko wapi, na siku za kliniki ni zipi?

Mtunzaji naye ni binadamu

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jamaa wanaopiga simu kutoka mjini kuuliza hali ya mgonjwa mara nyingi hawajui kwamba anayemtunza hajalala usiku mzima kwa wiki tatu.

Muda wa kuomba mafunzo ni kabla ya mgonjwa kutoka hospitalini. Mtunzaji amwombe muuguzi amwonyeshe kwa vitendo, naye arudie akitazamwa. Mambo ya msingi ni haya:

- Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Visigino, nyonga na mfupa wa mwisho wa mgongo vikaguliwe kila siku. Mahali pakibadilika rangi na rangi isirudi, pasisuguliwe. Mgonjwa asilalie upande huo, na zahanati ijulishwe.
- Mgonjwa wa kiharusi alishwe akiwa ameketi wima, vijiko vidogo, bila haraka, na abaki ameketi kwa takriban nusu saa baadaye. Akikohoa kila anapomeza, mtaalamu ajulishwe, kwani chakula kinaweza kuingia mapafuni.
- Kumwinua mgonjwa ni kukunja magoti na kumshika karibu na mwili. Kumvuta kwa mkono uliopooza humtegua bega.
- Uso ukipinda ghafla, mkono ukiishiwa nguvu au maneno yakivurugika, mgonjwa apelekwe hospitalini wakati huohuo, asisubiri asubuhi.

Mwanafamilia mmoja hawezi peke yake. Jamaa wanaweza kuketi na kugawana zamu: mmoja ashike usiku wa wikendi, mwingine alipe nauli ya kliniki, mwingine akae na mgonjwa siku ya soko ili kibanda kifunguliwe. Vyama vya akina mama, misikiti na makanisa huchangia pia, lakini huhitaji kuambiwa kinachohitajika hasa. Mara nyingi nepi za watu wazima na sabuni hufaa kuliko mkate na soda.

Palipo na uchovu mkubwa, dhuluma hujipenyeza. Mzee akinyimwa chakula, akifungiwa ndani, akipigwa, akinyang'anywa shamba au akitishiwa kwa kuitwa mchawi, hilo ni kosa la jinai, si jambo la ndani ya boma. Taarifa ipelekwe kwa polisi, chifu au afisa wa maendeleo ya jamii. Nambari ya simu ya bila malipo ya 1195 hupokea taarifa za ukatili majumbani saa zote.

Kisichogharamiwa bado

Wakazi wanastahili kuelezwa ukweli. Hakuna mpango wa umma nchini unaomlipa mtu aje nyumbani kila siku kumwosha, kumlisha na kumlaza mgonjwa. Shilingi 2,000 za Inua Jamii ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 70 kwa siku. Pesa hizo hupunguza makali ya maisha, lakini haziwezi kuwa mshahara wa mtunzaji. Nepi, maziwa maalumu na usafiri wa kwenda kliniki kwa kiasi kikubwa hutoka mfukoni mwa familia. Na mtunzaji aliyeacha kazi hana malipo yoyote yanayomhesabu kuwa mfanyakazi.

Kaunti zina uwezo wa kuongeza juu ya kiwango cha kitaifa. Makueni, kwa mfano, ilianzisha mpango wake wa afya mwaka 2016 ambapo nyumba ililipa shilingi 500 kwa mwaka ili itibiwe katika vituo vya kaunti, na wazee wa miaka 65 na zaidi hawakutakiwa kulipa. Kaunti inaweza kuajiri wataalamu zaidi wa mazoezi ya viungo, kutenga fedha za mafuta ili timu ya zahanati itembelee wagonjwa waliolala kitandani, au kununua magodoro ya kuzuia vidonda na kuyaazima kwa familia. Lakini mambo hayo hayafanyiki hadi yaandikwe katika bajeti, na bajeti ina kalenda yake.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi huwasilishwa kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Kabla ya kila hatua wananchi hualikwa kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa maombi ya barabara, maji na taa za sokoni. Watunzaji hawaonekani, kwa sababu wako nyumbani na wagonjwa.

Asiyeweza kufika anaweza kuandika. Barua ya ukurasa mmoja kwa karani wa bunge la kaunti, au kwa mwakilishi wadi, huhesabiwa kuwa maoni. Ina uzito zaidi ikitaja jambo mahususi: katika kijiji hiki kuna watu sita waliolala kitandani, zahanati haina usafiri wa kuwafikia, na ombi ni ziara moja kwa mwezi. Mhamasishaji wa afya anaweza kusaidia kupata hesabu hiyo, kwa kuwa ndiye anayeingia kila nyumba.

Mwezi wa kwanza nyumbani

Kwa yule binti aliyefunga kibanda, na kwa yeyote aliye mahali pake, mambo yanaweza kupangwa hivi:

1. Kabla ya kutoka hospitalini: pata barua kamili ya kuruhusiwa, tarehe ya mazoezi ya viungo na mafunzo ya kumtunza mgonjwa. Ikiwa bili haiwezekani, muone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali.
2. Wiki ya kwanza: mtafute mhamasishaji wa afya, na uhakikishe mgonjwa na walio nyumbani wamesajiliwa SHA.
3. Wiki ya pili: mfikishe mgonjwa, au barua yake, katika zahanati ili faili ifunguliwe.
4. Wiki ya tatu: nenda kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii kuhusu Inua Jamii, ukiwa na vitambulisho vya mgonjwa na mtunzaji.
5. Wiki ya nne: uliza hospitalini tarehe ya tathmini ya ulemavu, kisha ita kikao cha familia mgawane zamu.

Katika mfano huu, mama anaweza kuishi miaka mingi baada ya kiharusi. Akigeuzwa kwa wakati, presha yake ikipimwa kijijini na mazoezi yasiporukwa, anaweza kurudi kushika kijiko mwenyewe. Na siku za soko, dada yake au mjukuu akiwa zamu nyumbani, kibanda cha mboga kinaweza kufunguliwa tena.